Mkwe Hashushwi kwa Kimya

Kambini, kando ya machimbo,
Jumapili asubuhi.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa sauti, maana hujawahi kuipokea salamu kimoyomoyo, hata ikija kwa karatasi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa mahali penye hewa, miguu umeinyoosha, na Dada hajaanza kukugombeza kuhusu viatu vyako mlangoni. Unalalaje siku hizi? Kile kikohozi cha alfajiri kimekuacha, au bado kinakuamsha kabla ya jogoo? Na mkono je? Naomba swali hilo la mwisho usilipite haraka, kwa sababu nitalirudia.

Mimi ni mzima wa mwili. Mvua haijanyesha, na vumbi la mawe limerudi kila mahali, hata kwenye mswaki. Chumba chako bado ni chako. Sijakubali mtu ahamie. Kofia yako ngumu iko kwenye msumari ulipoiacha, na kila anayekuja kuomba ufunguo wa stoo huiangalia kwanza hiyo kofia, ndipo aniangalie mimi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mwandiko ulikuwa wa Dada lakini maneno yalikuwa yako, nimeyasikia kabisa yakitoka kinywani mwako. Umesema umetolewa kwenye breki kama jembe lililoisha makali. Umesema aliyekuchongea kwa Mkuu wa mradi ni Kipimo, yule mpima upepo wetu, na kwamba hukuwaficha wenzako jambo hilo siku ulipoondoka. Ukaniomba nimwendee Mkuu kabla maputo mapya hayajapaa, nimwambie kwamba Kipimo ni mwongo na mkono wako hauna neno, kwa kuwa nasikilizwa kama mhandisi, na wewe ni baba yangu. Kisha ukamalizia kwamba mtu aliyekuvusha mto humwachi ng'ambo peke yake. Baba, sentensi hiyo nimeisoma mpaka karatasi imelegea penye mkunjo.

Ningeweza kukupigia simu. Nilishika simu, nikaogopa sauti yako. Kwenye simu ungeniuliza swali moja nami ningejibu uongo kabla sijafikiri, kama mtoto anayeulizwa nani kavunja kikombe. Kwa hiyo naandika. Nakuomba uisome hadi mwisho ndipo unikasirikie. Na kama ni Dada anayekusomea, basi Dada, usiruke mstari.

Mengi nitakayoyasema unayajua. Lakini wewe ulikuwa juu ukingoni, ndani ya kibanda cha winchi, na mimi nilikuwa chini shimoni. Tulikuwa tunautazama mzigo mmoja kutoka pande mbili. Nataka, kwa mara hii moja, uutazame kutoka kwangu.

Watu wakiniuliza kazi yetu ni nini, siku hizi nawajibu kwa maneno yako. Nawaambia umeme wa jua ni kama mgeni anayekuja saa ambayo hakuna mtu nyumbani: mchana umejaa tele na hauna wa kuutumia, jioni kila mtu anautaka na haupo. Betri ni chache na zinachoka. Basi mchana, sola zikiwa zimezidisha, tunautumia ule umeme wa ziada kulivuta juu bonge la zege lenye ukubwa wa kabati la nguo. Limening'inia kwenye kamba ya chuma, kamba inapita kwenye kapi, na kapi limebebwa na puto lililofungwa kwa kamba nyingine kwenye mwamba lisipeperuke. Puto ndilo mnara wetu, mnara usio na miguu. Jua likizama tunaliacha bonge lishuke polepole juu ya shimo la machimbo, kamba yake inazungusha jenereta, na taa za zahanati na za barabara ya juu zinawaka. Siku moja uliwaambia wapishi wetu kwamba kitu chochote ukikipandisha kinabaki na hamu ya kurudi chini, na sisi tunaishi kwa hiyo hamu. Nilikuwa nimepita na sahani yangu, nikasimama. Nilitamani niwe nimelisema mimi.

Na wewe ndiye uliyelipa bonge lile jina la Mkwe, kwa sababu mkwe hapokelewi kwa kukimbia, na hakuna mwenye adabu anayesimama chini ya miguu yake. Kipimo akaongezea kwamba mkwe akija bila taarifa, vyombo vyote vya nyumba huvunjika. Ulicheka mpaka ukakohoa. Siku hizo ulikuwa ukimwita mwanangu.

Sheria nayo ulikuja nayo wewe, tangu enzi ulipokuwa ukiendesha winchi hapa hapa, mawe yalipokuwa bado yanachongwa na winchi hiyo ikinisomesha. Aliye kwenye breki husema kwenye redio: nashusha. Aliye chini hutazama, akiridhika hujibu: shusha. Asipojibu, hakishuki kitu. Uliwaambia wafanyakazi wapya kwamba kimya si ndiyo wala si labda, kimya ni ukuta. Mimi na Dada tuliijua sheria hiyo kabla hatujajua kusoma. Tulikuwa tukipanda darini kujificha, nawe ukitushusha kwa mikono, na hukuwahi kutuachia kabla hatujakujibu. Dada alikuwa akikawiza jibu makusudi ili abaki hewani.

Sasa nianze pale kwenye karo la vyombo.

Ilikuwa jioni ya kawaida, tumemaliza kula, wewe unasuuza na mimi nafuta. Uligeuza kiganja cha kulia kuchukua sahani, nikaona lengelenge kubwa limepasuka, nyama nyekundu, maji ya sabuni yanapita juu yake. Nilishtuka kuliko wewe. Ulikitazama kiganja kama unatazama kitu ulichookota njiani. Ukasema ni birika. Lakini birika nililiinjika mimi siku ile, Baba, na chai nilimimina mimi. Na jioni hiyo hiyo, nilipopanda kutoka shimoni, nilisikia kibandani harufu ya breki iliyopata moto. Ulikuwa umeshika chuma kinachochoma, ukakishika mpaka ngozi ikaiva, na mkono haukukuletea habari.

Nilipokubana ukasema ukweli. Ukasema ni kama umevaa glovu usiyoweza kuivua. Kwamba vifungo vya shati unafunga kwa kushoto, na kalamu inateleza. Kwamba ni uzee tu na utapita, nami nilijua hata wewe huamini, maana hakuna aliyewahi kuona uzee ukipita. Kisha ukaniomba iwe siri yetu hadi siku ya wageni, wale wafadhili wa mradi. Wageni wakiridhika, maputo mapya yatajengwa, na Mkuu alikuwa amekuahidi uwe kiongozi wa washika breki wote. Baada ya hapo, ukasema, utajipumzisha mwenyewe kwa heshima. "Mimi na wewe tu," ukasema.

Mimi sikujibu. Niliendelea kuifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. Ukanipiga bega kidogo kwa mkono wa kushoto, ukaenda zako ukiimba kwa pua.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilijiambia kwamba jioni za kawaida jenereta ndiyo inayomshika Mkwe na breki yako ni ya kumsindikiza tu. Nilijiambia kwamba upepo ukizidi ndipo jenereta hufunguliwa kutoka kwenye winchi na Mkwe akabaki mikononi mwa mshika breki, na kwamba hilo hutokea mara chache. Nilijiambia mambo mengi ya kweli. Nimegundua kwamba uongo ninaojidanganya nao mimi hutengenezwa kwa mambo ya kweli matupu, yaliyopangwa vizuri. Nikikaa chini na redio, kila ukisema nashusha, nilitazama kibandani kwanza kabla ya kujibu. Kipimo akakutania mbele ya watu kwamba Mzee siku hizi unasalimia kwa kushoto kama refa anayetoa kadi. Watu walicheka, na wewe ulicheka, ila nilikuona ukiuingiza ule wa kulia mfukoni. Nadhani ni siku ile ulipoanza kumwekea alama.

Siku ya wageni unaikumbuka vizuri, na najua unaikumbuka kwa furaha. Niruhusu nikuoneshe ya kwangu.

Asubuhi Kipimo alimwambia Mkuu kwamba upepo wa chini ni mpole lakini wa juu haueleweki, na angependa tuahirishe. Mkuu alimuuliza kama anao uhakika. Akasema angekuwa na uhakika asingekuwa mpima upepo, angekuwa nabii. Unamjua Mkuu, yule mama hacheki kirahisi. Akaamua tuendelee. Mkwe akapandishwa wageni wakitazama, na ulipotoka kibandani kuwapungia mkono, nilikuona kutoka kule chini, mdogo kama kidole, kofia yako ikimeta. Nilijivunia, nikakupungia pia.

Upepo ulikuja Mkwe akiwa juu kabisa. Puto likainama upande mmoja, kamba zake zikaanza kulia ule mlio wa chini unaousikia kwenye meno kuliko masikioni. Puto haliwezi kushushwa Mkwe akiwa amening'inia kwake. Ni yeye kwanza, ndipo puto. Amri ikatoka: fungua jenereta, shusha kwa mkono. Wageni walikuwa kwenye ukingo wa chini, karibu na sakafu ya shimo, nyuma ya kamba ya kuzuia watu, na mmoja wao, bwana mwenye suti ya kijivu, alikuwa amejipenyeza mbele ya kamba na simu yake apige picha vizuri.

Ukasema kwenye redio: nashusha.

Sikujibu. Mkwe alikuwa akibembea, nami nilikuwa na haki ya kusubiri abembee kidogo. Ukasubiri. Hukugusa kitu. Mkuu, aliyekuwa amesimama na wageni, akaanza kunionesha kwa mkono nijibu. Ukasema tena: nashusha. Sauti yako ilikuwa tulivu kabisa, Baba, ya mtu aliye kazini kwake. Bembea ilikuwa imepungua. Kilichokuwa kinanizuia sasa hakikuwa Mkwe, kilikuwa kiganja chako. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: Baba, mpe mwingine breki. Msaidizi wako alikuwa palepale kibandani nyuma yako. Lakini redio ile inasikika kwa kila mtu, na Mkuu alikuwa ameweka kipaza sauti pale ukingoni ili wageni wafuatilie. Ningekuvua nguo mbele ya umati.

Kamba ya puto ikalia tena. Nikasema: shusha.

Alianza vizuri. Kisha nikaona anaongeza mwendo. Alama nyekundu ya kamba, ambayo mshika breki huitaja redioni ikipita, ilipita na sikukusikia ukiitaja. Ya njano ikapita, kimya. Huyo bwana wa suti alikuwa ametazama juu kupitia simu yake, na nadhani kwenye simu mambo yote huonekana yako mbali. Kipimo alikuwa karibu zaidi kuliko mimi. Alikimbia, akamrukia, wakaanguka pamoja kwenye kokoto, na kivuli cha Mkwe kikawafunika wote wawili.

Kisha Mkwe akasimama ghafla, kama mtu aliyepigwa kofi. Akayumba juu ya mgongo wa Kipimo. Angenyoosha mkono angemgusa.

Wageni walipiga makofi. Walidhani ni onyesho, kwamba tumewaonesha jinsi breki inavyoweza kukamata. Bwana wa suti akainuka akijipangusa, akamshukuru Kipimo huku akicheka kwa woga. Na wewe kwenye redio ukasema, na furaha imejaa sautini: "Umeiona breki hiyo?" Nikasema nimeiona. Ukammalizia Mkwe hadi chini taratibu, puto likafuata, na jioni ile walikubeba mabegani mpaka kwenye chai. Sijawahi kukuona mrefu vile.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mkuu akatangaza kwamba washika breki wote watapimwa afya kabla ya maputo mapya. Daktari akakufunga macho kwa kitambaa, akakuchoma ncha ya sindano vidole vya kulia kimoja kimoja, akakuuliza ni kipi. Uliniambia umejibu vyote. Daktari alimwandikia Mkuu kwamba ulitaja vidole ambavyo alikuwa hajavigusa bado. Akasema ni mishipa ya fahamu, na kwamba yapo matibabu ukiyawahi. Hayo ya matibabu sidhani kama uliyasikia, kwa sababu Mkuu alikuwa tayari ameshakuambia usirudi kwenye breki.

Ukaingia kwenye chumba cha chai na mzigo wako umefungwa. Ukasema mbele ya wote kwamba umefanya kazi na nyoka ukimwita mwanao. Kwamba ulimwona kwa macho yako akitoka ofisini kwa Mkuu kesho yake baada ya wageni. Kipimo alikuwa na kikombe mkononi. Alinitazama mimi, si wewe. Akakiweka kikombe mezani, akatoka nje.

Sasa nikupe habari ya Kipimo, kwa kuwa uliuliza kama amepata aibu. Amepata. Akikaa mezani, wengine wanamaliza chai yao wakiwa wamesimama. Mtu ameandika kwa rangi kwenye kofia yake neno MDOMO, naye anaivaa hivyo hivyo. Vipimo vyake vya upepo wanavichukua bila kumtazama usoni, na juzi kijiti chake cha kupimia kilikutwa kimepindwa. Zile porojo zake zote zimekwisha. Chumba cha chai sasa kina sauti za vijiko tu. Ameomba kuhamishwa, na Jumatano gari litampeleka kwenye mradi mwingine, mbali, ambako habari itakuwa imemtangulia, kama unavyojua habari zetu zinavyotembea.

Nilimwendea Ijumaa, baada ya barua yako. Nilimkuta nyuma ya stoo anakinyoosha kile kijiti gotini. Nikamuuliza kwa nini anakaa kimya. Akaniambia kwamba asubuhi ile ya kesho yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Mkuu, anasubiri kupeleka vipimo vyake, na mlango ule haufungi vizuri. Alisikia. Akasema lililosemwa mle ndani si lake kulisema. Kisha akasema, bila hasira, kwamba yeye kazi yake ni kuona upepo unatoka wapi, na hajawahi kuulaumu.

Baba, ni mimi niliyekuwa mle ndani.

Asubuhi ile, kabla hujaamka, nilipanda kibandani. Nilitaka nijue Mkwe alisimamaje. Unakumbuka yale meno ya chuma ya breki ya dharura niliyoyachora, ambayo uliyaita meno ya bandia kwa sababu hayajawahi kuuma kitu? Yapo kwa ajili ya siku ambayo gurudumu la kamba litazunguka kupita kiasi. Yalikuwa yameuma. Jino moja lilikuwa limevunjika, jingine limezama kwenye chuma cha gurudumu, na sakafu ilikuwa na unga wa chuma unaometa. Alama za moto kwenye breki yako zilionesha kwamba wakati ule ilikuwa imeshikwa nusu tu. Mkono wako ulikuwa umeacha kuivuta na haukukuambia, kama ulivyokaa kimya siku ya lengelenge. Si wewe uliyemsimamisha Mkwe. Ulivuta tena baadaye, wakati ameshasimama, meno yakaachia kama nilivyoyachora, ukadhani ni wewe.

Niliketi pale sakafuni. Nilifikiri nifagie ule unga, nibadilishe jino, nikae na jambo hili mpaka nife nalo. Ufagio ulikuwepo. Niliushika. Kilichonifanya niuweke ni kitu kidogo. Nilikumbuka kwamba Mkuu alikuwa ameshasema jana yake, wakati wa chai, kwamba maputo mapya yatabeba mizigo mikubwa kuliko Mkwe, na wewe ndiye utakayeshika ule wa kwanza. Na nilijua nani atakuwa chini. Angekuwa mwenzangu yeyote, au mimi, na kila mmoja wetu angesema shusha kwa imani, kwa kuwa aliye kwenye breki ni wewe.

Nikaenda kwa Mkuu nikamweleza yote, kiganja, meno, yote. Nikalia, ndiyo maana sauti ilipita mlangoni. Nikamwomba asitaje jina langu. Mkuu ndiye aliyebuni ule upimaji wa afya wa wote ili usijione umelengwa peke yako, na jina langu amelificha kama nilivyomwomba, hata ulipomrukia kwa maneno. Nawe ulikuwa umemwona Kipimo asubuhi ile, akitoka ofisini baada ya kupeleka vipimo vyake, ukajenga nyumba nzima juu ya hilo. Na mimi nikakuacha ujenge. Nilikupelekea begi lako kituoni. Ukanikumbatia, ukaniambia unashukuru Mungu unaye mtu mmoja wa kumwamini kule.

Sikuombi msamaha kwa kusema. Nimejaribu kuuomba, nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, kwa sababu kesho ningefanya vilevile. Msamaha ninaouomba ni wa zile siku nilizonyamaza baada ya kusema, na wa kumwacha mtu mwingine abebe jina langu. Na wa ile shusha. Hiyo sijui nimwombe nani. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni nikatoa la adabu, na Kipimo akalala chini ya Mkwe kwa ajili ya adabu yangu.

Nina jambo moja tu la kukuuliza, nalo si kwa kukulaumu. Kule kwenye karo ulisema "mimi na wewe tu," nami sikujibu. Kwa miaka yote umetufundisha kwamba kimya ni ukuta. Siku ya wageni, kwenye upepo ule, na Mkuu anapunga mikono, ulisubiri jibu langu kama sheria inavyotaka. Kwa nini hukusubiri pale jikoni? Ulinipiga bega ukaenda ukiimba. Nimefikiri sana, nikaona labda mzazi huchukua kimya cha mtoto wake kuwa ni ndiyo. Labda nami nilitaka udhani hivyo.

Jumanne asubuhi, kabla ya zamu, nitasimama kwenye chumba cha chai niwaambie wote ni nani. Hilo nimeshaliamua na silitakii ruhusa, kwa kuwa gari la Jumatano halisubiri. Lakini sikutaka ulisikie kwa mdomo mwingine. Ndiyo maana barua hii haipiti posta. Anakuletea dereva wa lori la saruji, ambaye anarudi huku kesho. Mpe chai, anapenda yenye tangawizi nyingi.

Mkuu ana neno lake kuhusu wewe na washika breki wapya, ambao hawana subira na redio kabisa. Hilo atakuambia mwenyewe. Sitaki kuliandika hapa lionekane ni peremende baada ya dawa chungu. Kuhusu daktari, Dada anajua pa kukupeleka. Tafadhali nenda. Mficha maradhi, ulituambia wewe mwenyewe, na hukuhitaji kumalizia methali.

Nisalimie sana Dada, na umwambie nimekubali, bado ananizidi kwa kupika na kwa uvumilivu. Msalimie shemeji, na watoto wote, hasa yule mdogo anayekuita Babu Breki. Mwambie aendelee kukuita hivyo. Majirani wa pale pia. Wenzako hapa wanakusalimia, ingawa hawajui ninakuandikia nini. Jua limepanda sasa, sola zimeanza kuzidisha, na nasikia winchi inamvuta Mkwe. Mikono iliyoshika breki leo ni migeni, na mlio wake nimeujua si wako.

Nataka kuja Jumamosi nikukalie mbele, useme utakalosema. Lakini sitakuja kwa kukisia. Nimeshika kamba, Baba, na mzigo uko juu, wote, hakuna nilichobakiza. Mtume dereva na neno lako, hata likiwa moja. Nisipolipata nitajua maana yake, nami nitasimama hapa hapa nilipo mpaka utakapojibu.

Nashusha.

Ni mimi binti yako mdogo,
wa chini shimoni.